Kura ya Vidonge

Liko swali ambalo watu wa mji wetu huliuliza kila wanaposikia habari za utafiti wa dawa, na huliuliza kwa uchungu. Kama mnadhani dawa hiyo inafaa, kwa nini wengine wapewe dawa na wengine wapewe kidonge kitupu? Nimeulizwa swali hilo kwenye vibaraza vya Temeke, nimeulizwa ndani ya daladala ya Mbagala, nimeulizwa hata msibani. Mara nyingi anayeuliza hangoji jibu. Kwake yeye shauri limekwisha: maskini wamefanywa panya wa maabara, na wakubwa wamejipatia vyeo.

Silidharau swali hilo, wala sitaki msomaji alidharau. Mwaka 1994 ilikwisha julikana, kwa utafiti wa Marekani na Ufaransa, kwamba dawa ya AZT hupunguza kwa karibu theluthi mbili maambukizo ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo, miaka iliyofuata yalifanyika majaribio ya kozi fupi za dawa za aina hiyo katika nchi maskini, mojawapo likiwa na kituo hapa hapa Dar es Salaam, na ndani yake lilikuwamo kundi la kidonge bandia. Watetezi walisema kozi ndefu ya Wazungu isingewezekana kwetu kwa gharama yake, kwa hiyo kulinganisha na hali halisi ya hapa ni haki. Wapinzani walisema hali halisi ya hapa ni umaskini, na umaskini si tiba ya kulinganishia. Mabishano yakapamba moto mwaka 1997. Februari 1998, matokeo ya Thailand yalipotoka na kuonyesha kwamba hata kozi fupi inapunguza maambukizo kwa nusu, kundi la kidonge bandia likafungwa. Mimi niko upande wa wale waliosema lingefungwa mapema zaidi.

Lakini liko jaribio jingine lililofanyika katika mji huu huu na katika miaka hiyo hiyo, ambalo jibu lake ni tofauti kabisa. Ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu watu wengi walioishi karibu nalo hawakupata kuambiwa lilivyokwisha.

Kwanza niseme ninazungumza kama nani. Mimi si daktari wala mtakwimu. Nilisoma hisabati hadi kidato cha sita, na katika miaka ya tisini niliajiriwa na mradi mmoja wa utafiti, ambao sitautaja, kuwatembelea majumbani akina mama waliokuwa wakipewa vidonge. Si mradi nitakaousimulia hapa. Huo nimeusoma katika majarida kama mtu mwingine yeyote. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vidonge vilivyobaki ndani ya kopo na kujaza fomu. Wao waliniita dada nesi, nami nilichoka kukanusha.

Anayedhani takwimu huanzia kwenye kompyuta hajapata kumtafuta mtu Keko Machungwa au Tandale kwa anwani iliyoandikwa “nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya bati jekundu”. Mashine imehamishwa, bati limepata kutu. Unamwendea mjumbe wa nyumba kumi, naye anataka kujua unamtafutia nini. Huwezi kumwambia. Gari la mradi tulikatazwa kulifikisha mlangoni, maana gari jeupe likisimama mbele ya nyumba ya mwanamke mara mbili, mtaa mzima umekwisha andika hukumu yake. Tuliliacha barabara kuu tukatembea, tukiwa tumevaa khanga kama wageni wa kawaida. Na mara nyingi ulikuta chumba kina mpangaji mwingine. Mama amekwenda kujifungulia kwao Rufiji, au Lindi, au amefukuzwa na mumewe baada ya majibu.

Mtu wa namna hiyo kitakwimu huitwa aliyepotea. Neno ni dogo, lakini hapo ndipo utafiti mwingi huharibika. Aliyepotea hafanani na aliyebaki. Pengine amepotea kwa sababu ana nafuu na haoni haja ya kliniki, pengine kwa sababu amekwisha kufa na hakuna wa kukuletea habari. Ukihesabu waliobaki tu, unapima afya ya wenye kupatikana. Ndiyo maana tulitumwa tena na tena kwa mtu yule yule, jua la mchana, hadi wengine wakatudhania wadai.

Sasa tuje kwenye vitamini. Mwaka 1994 watafiti walioshughulika na akina mama wajawazito wa Malawi walichapisha jambo lililowashtua wengi. Walipima vitamini A katika damu ya akina mama 338 wenye virusi. Miongoni mwa wenye kiwango cha chini kabisa, asilimia 32 waliwaambukiza watoto wao; miongoni mwa wenye kiwango cha juu kabisa, asilimia 7 tu. Fikiri, msomaji: huo ni wakati ambao Tanzania haikuwa na dawa za kupunguza makali kwa mtu wa kawaida, na haikuanza kuzitoa bure hadi mwaka 2004. Na hapa pana kitu kama karoti na papai, kitu cha senti chache, kinachoonekana kuzuia maambukizo mara nne au zaidi. Nani asingetaka kesho yake magunia ya vitamini A yapelekwe kila kliniki?

Pana mtego hapo. Ukizunguka Mbagala ukahesabu, huenda ukakuta watoto wa nyumba zenye televisheni hawapati kuhara kama watoto wa nyumba zisizo nayo. Hakuna mwenye akili atakayesema televisheni ni dawa ya kuhara. Penye televisheni pana pesa, penye pesa pana bomba la maji, na choo kimejengewa. Vivyo hivyo, mwanamke mwenye vitamini A kidogo katika damu huenda ndiye ambaye ugonjwa umekwisha mlemea, nao ugonjwa wenyewe ndio huishusha vitamini hiyo. Je, vitamini inamlinda mtoto, au ni bendera tu inayoonyesha upepo unavuma wapi? Kwa kutazama peke yake huwezi kujua, hata ukitazama watu laki moja.

Dawa ya mtego huo akina mama wa uswahilini wanaijua tangu zamani, ila hawaiiti takwimu. Katika upatu, au mchezo kama uitwavyo siku hizi, watu kumi huchanga kila wiki na mmoja hupokea. Nani aanze? Likiachwa kwa maneno, ataanza mwenye sauti kubwa, au shoga wa kijumbe. Kwa hiyo huandikwa namba kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa kikombeni, kila mtu akachota. Kikombe hakina shoga. Katika jaribio la dawa kura hufanya kazi hiyo hiyo na zaidi yake. Ukiwagawa watu mia kadhaa kwa kura, wenye mtaji wa genge na wasio nao hugawanyika takriban sawa, walioachwa na waume na wasioachwa vivyo hivyo, hata mambo ambayo hakuna mtafiti aliyewaza kuyauliza. Makundi yakifanana mwanzo, na mwisho yakatofautiana kupita kiasi cha bahati, kilichobaki cha kushukiwa ni kidonge.

Na kidonge lazima kifanane na mwenzake kwa rangi na umbo, nesi asijue wala mama asijue. Si ujanja wa kudanganya. Nesi akijua nani kapewa bandia atamhurumia, atampa chakula, atamwahisha hospitali, na kura itakuwa imeharibiwa kwa upendo.

Watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga, walianza kura hiyo Aprili 1995. Hadi Julai 1997 walikuwa wameandikisha akina mama 1,078 wakazi wa Dar es Salaam, wote wenye virusi, mimba zao zikiwa kati ya wiki 12 na 27. Waligawanywa makundi manne: vitamini A peke yake, mchanganyiko wa vitamini B, C na E bila A, vyote viwili, na kidonge bandia. Niseme wazi kwamba wote, hata wa kundi la bandia, walipewa madini ya chuma, foleti, na klorokwini ya kuzuia malaria, kama ilivyokuwa desturi ya kliniki zetu wakati huo.

Mpango huo wa makundi manne ni kazi nzuri ya kitakwimu, na mama lishe ataielewa upesi. Tuseme anataka kujua kama wateja wanapenda tangawizi katika chai, na kama wanapenda maziwa. Anapika chupa nne: chai tupu, ya tangawizi, ya maziwa, na yenye vyote. Kisha analinganisha chupa mbili zenye tangawizi na mbili zisizo nayo. Halafu wateja wale wale anawahesabu tena, mbili zenye maziwa na mbili zisizo nayo. Kwa wateja wale wale amejibiwa maswali mawili. Sharti lake ni kwamba tangawizi isiharibu utamu wa maziwa. Sharti hilo litatujia tena.

Majibu ya kwanza yalitoka mwaka 1998. Kwa akina mama waliopangiwa mchanganyiko wa B, C na E, mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu walikuwa 30. Kwa wasiopangiwa, 49. Watoto wenye uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Vitamini A, ile iliyotegemewa, haikufanya lolote katika mambo hayo. Mwaka 2004 ikatoka ripoti ya maendeleo ya ugonjwa wenyewe. Kati ya wanawake 271 waliopewa mchanganyiko, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 wa kidonge bandia, walikuwa 83.

Tofauti ni wanawake 16. Hapo ndipo mtakwimu anapoketi na kujiuliza swali ambalo sisi hatulipendi: je, wanawake 16 hawawezi kuwa kazi ya kikombe tu? Tuseme vidonge havina nguvu yoyote, na ukawachotesha upya kura wanawake hao 538 mara mia moja. Tofauti kubwa kiasi hicho ingejitokeza kwa bahati tupu kama mara 4 hivi. Ni chache, lakini si sufuri. Nayo hesabu ya mipaka ilionyesha kwamba hatari ya waliomeza vitamini yaweza kuwa nusu ya hatari ya wenzao, yaweza pia kuwa karibu sawa nayo kabisa. Makadirio ya katikati ni pungufu ya asilimia 29. Napenda uungwana wa hesabu hiyo. Mganga wa kienyeji hakuambii kamwe kwamba dawa yake yaweza kuwa karibu na bure.

Na vitamini A je? Kufikia umri wa miaka 2, katika kila watoto mia wa akina mama waliopewa vitamini A, kama 34 walikuwa na virusi. Kwa akina mama wasiopewa, kama 25. Hatari ilikuwa imepanda kwa asilimia 38. Dawa ya senti chache, chakula cha papai na karoti, iliyotazamiwa kuwaokoa watoto, ilikuwa inawaumiza. Bodi ya kufuatilia usalama, ambayo ndiyo pekee huruhusiwa kuchungulia matokeo kabla ya mwisho, ilipoona hayo mwaka 2000 ilishauri kundi la vitamini A liondolewe. Ripoti kamili ikachapishwa mwaka 2002. Zaidi ya hayo, ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba kuiongeza vitamini A kwenye mchanganyiko kulipunguza faida ya mchanganyiko. Tangawizi ilikuwa inaharibu maziwa.

Majaribio ya kura ya Afrika Kusini, na ya Malawi kwenyewe kulikoanzia tumaini lile, hayakuona kinga dhidi ya maambukizo. Madhara makubwa yalionekana kwetu. Kwa hiyo rudi kwenye lile swali la vibarazani: nani hapo alionewa? Mama aliyechota karatasi ya vitamini A na mtoto wake akaumia, au yule aliyechota kidonge kitupu ambacho majirani wangemwonea huruma? Bila kundi la kidonge kitupu watoto 34 katika mia wangehesabiwa kuwa ndio hali ya kawaida ya ugonjwa huu, na vitamini A ingesambazwa kwa shukrani.

Niliposoma ripoti hiyo nilimkumbuka mama mmoja wa Mtoni, na sijaacha kumkumbuka. Alikuwa ameandikishwa katika mradi wetu, na kopo lake kila mwezi lilipungukiwa vidonge kuliko siku zilizopita. Kumeza vingi kuliko ulivyoagizwa si kawaida, kwa hiyo nilimwuliza. Akanyamaza, akaenda kufunga mlango, akarudi. Mdogo wake, aliyekuwa akikaa naye, naye alikuwa mjamzito, naye alikuwa amekutwa na virusi, lakini alipokwenda kliniki mimba ilikuwa imepita mpaka wa wiki tulizoziweka, akarudishwa. Wakawa wanagawana, huyu asubuhi na yule jioni.

“Dada, wewe ungekula peke yako mdogo wako anakutazama?” aliniuliza.

Sikumjibu, maana hakukuwa na jibu la kusema mbele ya yule binti aliyekaa mkekani. Niliandika katika fomu kama lilivyo: vidonge 14 vimetumiwa na mtu mwingine. Nilijua maana yake. Katika hesabu ya mwisho mama yule angebaki ndani ya kundi alilopangiwa na kura, hata kama angekuwa amemeza nusu tu, au hajameza kabisa. Ndiyo kanuni, na ni kanuni ya haki, kwa kuwa ukianza kuwatoa wasiomeza vizuri umekwisha kiacha kikombe na kurudi kwenye kuchagua. Lakini kila kidonge kilichogawanywa kwa upendo kilififisha kidogo tofauti kati ya makundi, na kikaifanya dawa, kama ilikuwa dawa, ionekane dhaifu. Na sisi watatu katika chumba kile, hakuna aliyejua kama kinachogawanywa ni msaada, au unga, au sumu polepole. Alichompa mdogo wake ni tumaini, na tumaini halina namba ya kundi.

Najua wasomaji wengine watasema kura hizi ni mambo ya wenye fedha, na kwamba mgonjwa akipona, amepona. Mwaka 2011 tuliona nchi nzima ikielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Jirani zangu walikwenda, wengine wakiwa wameuza viti vya sebuleni kupata nauli. Waliorudi na nguvu walisimulia hadi leo. Waliofia njiani au waliozidiwa wakiwa wamekwisha rudi nyumbani hawakuwa na wa kuwasimulia, na hapakuwapo kundi la watu waliokunywa maji ya mizizi mingine ili tulinganishe. Simlaumu mtu kwa kwenda. Nasema tu kwamba maelfu wale wote hawakutufundisha hata kile tulichofundishwa na wanawake 538.

Mji huu uliendelea kuchota kura. Dawa za kupunguza makali zilipofika, watafiti waliuliza kama vitamini nyingi zaidi zingewafaa wanaoanza dawa hizo. Wakazi 3,418 wa Dar es Salaam wakagawanywa kuanzia mwaka 2006: wengine dozi kubwa, wengine ya kawaida. Machi 2009 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa vipimo vya ini vya waliopewa dozi kubwa vilionyesha dalili mbaya, na hapakuwa na faida ya kufidia. Baadaye wagonjwa 4,000 hapa hapa wakapewa vitamini D au kidonge bandia. Ripoti ya mwaka 2020 ikasema haikupunguza vifo wala kifua kikuu. Habari kama hizo hazina wa kuzipigia vigelegele. Aliyejitolea mkono wake utobolewe sindano miezi mingi, kisha akaambiwa kwamba kitu fulani hakifai, haambiwi asante na mtu mtaani, ingawa ametuokolea fedha na maini yetu.

Karibu na kwangu Mbagala lipo duka la dawa, safi, lenye feni. Juzi nilikwenda kununua Panadol, kijana muuzaji akanionyesha kopo la vitamini A la kutoka nje, akasema nikifika umri huu macho yanahitaji msaada. Nilimwuliza wangapi wamezitumia na wangapi hawakuzitumia, na imekuwaje kwa hao na hao. Akacheka kwa adabu.

“Mama, hiyo ni vitamini tu. Haina madhara.”

Nikalipia Panadol yangu, na mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaliomba lile kopo alitazame.